Peugeot 504 zilizoachwa Nairobi: ipi ya kufufua, ipi ya kuacha

Nyuma ya gereji za Kariobangi Light Industries, kwenye nyua za mabohari ya Industrial Area, chini ya miti katika boma za zamani za Woodley na Dagoretti, kuna gari moja ambalo halikosekani: Peugeot 504. Rangi imepauka, magurudumu yametoweka, majani yamepenya hadi kwenye sakafu, lakini haihitaji beji ili itambulike. Taa za mbele zina pembe nne zilizokatwa mshazari, boneti ni pana na bapa, na buti ya saluni ina mkunjo katikati, halafu inashuka ghafla. Tathmini hii inaipima 504 ikiwa katika hali hiyo hiyo, kama bidhaa: mwenyewe ametaja bei, nawe unataka kujua unachonunua.

Hukumu kwanza. Stesheni wagoni yenye sakafu nzima na karatasi safi ni ya kununua, hata kama injini imekwama. Pikapu inafaa kwa anayetaka gari la kazi. Saluni inafaa ikiwa imekamilika, maana kazi ya kusaka vipande vyake vya urembo ni ndefu kuliko kazi ya injini. Na yoyote iliyooza sakafu, au iliyokatwakatwa ili ipokee injini ya kampuni nyingine, nunua kwa bei ya vipuri tu, si bei ya gari.

Kwamba ziko nyingi hivi si ajabu. 504 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968 na ikatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969. Kiwanda cha Sochaux kiliacha saluni mwaka 1983, lakini hapa Kenya 504 ziliendelea kuunganishwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndiyo maana utakuta pikapu yenye namba za kuanzia KAA iliyo changa kuliko umbo lake. Magari mengi ya serikali, yenye namba za GK, yalikuwa 504. Na aliyekuwa na haraka ya kufika Nakuru, Nyeri au Kisumu alipanda Peugeot: abiria kwenye safu tatu za viti, mizigo juu ya keria, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Heshima yake ilitokana pia na Safari Rally. Peugeot 404, iliyoitangulia, ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha Ove Andersson akashinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 akiwa na 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Hili la mwisho linafaa kukumbukwa, kwa sababu wapo wauzaji wanaoita kila 504 "ya rally". Ile ya 1978 ina bodi nyingine kabisa, na huwezi kuikuta nyuma ya gereji ya kawaida.

Sasa utambuzi. Gari likiwa limevuliwa kila kitu, chukua futi ya fundi upime kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Saluni ni mita 2.74, stesheni wagoni 2.90, pikapu, iliyoanza 1979, ni 3.00. Kipimo hiki hakidanganyi, na kinafichua ujanja wa wagoni iliyokatwa nyuma ikauzwa kama pikapu ya kiwandani. Kisha lala chini utazame nyuma. Saluni nyingi zina difu (boksi la gia za nyuma) iliyoshikwa kwenye bodi, na shafti mbili fupi zikienda kila moja kwenye gurudumu lake. Saluni za bei nafuu zilipewa ekseli moja ngumu. Wagoni ina ekseli ngumu na springi nne za kuzunguka, mbili kila upande, na hapo ndipo ilipotoa uwezo wake wa kubeba. Springi ikivunjika moja, gari huinamia upande huo hata likiwa tupu. Usikubali kuambiwa kwamba limeinama kwa sababu ya ardhi.

Namba ya shasi imegongwa chini ya boneti na kurudiwa kwenye kibamba. Kwa gari la zamani inaanza na 504, ikifuatwa na herufi na tarakimu za aina. Kwa la baadaye inaanza na VF3, alama ya Peugeot, kisha 504. Linganisha namba zote mbili tarakimu kwa tarakimu. Kibamba kilichofungwa kwa skrubu mpya juu ya rangi ya zamani ni sababu ya kusimamisha mazungumzo hadi ujue kilikotoka.

Injini ya petroli inajulikana kwa kulala: imeinamishwa nyuzi 45 upande mmoja. Za mwanzo ni sisi (cc, ujazo wa injini) 1796, silinda ya mm 84. Kuanzia 1970 nyingi ni sisi 1971, silinda ya mm 88. Zote zina mwendo wa pistoni wa mm 81. Dizeli haina distribyuta wala plagi za cheche, ina pampu ya dizeli. Iliyo bora ni ile ya sisi 2304, silinda ya mm 94. Ukikuta dizeli ya sisi 2112, jua kwamba ni ukoo mmoja na injini zilizowekwa kwenye jipu za Mahindra, na baadhi ya vipuri vinaweza kutoka huko. Ya petroli ya sisi 1971 iliendelea ndani ya Peugeot 505, modeli ya baadaye, zenye kabureta, kwa hiyo 505 iliyogongwa inaweza kuwa ghala lako la vipuri.

Kabla ya kuifikiria injini, lakini, tazama udongo uliolikalia gari. Nairobi ina udongo wa aina mbili na kila mmoja una tabia yake. Upande wa Embakasi, Syokimau na sehemu kubwa ya Eastlands ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei unavimba, unashika maji, na gari lisilo na magurudumu linazama hadi kingo za milango. Maji hukaa ndani ya hizo kingo na kuzila kutoka ndani, huku nje rangi ikiwa bado inang'aa. Upande wa Dagoretti, Kikuyu na Kiambu udongo ni mwekundu na unapitisha maji vizuri; gari lililokaa huko miaka mingi mara nyingi lina kutu juu, siyo chini. Lililotoka Mombasa ni habari nyingine: chumvi huanza kwenye mishono ya bodi, na ukiona kutu ikitokea katikati ya vipande viwili vilivyounganishwa, kilichofichika ni kikubwa kuliko kinachoonekana.

Njia ya kukagua ni bisibisi na sumaku. Bonyeza bisibisi kwenye kingo chini ya milango, mahali pa kuwekea jeki, sakafu chini ya miguu ya dereva, sehemu ya juu inakofungwa shokabu ya mbele, matao ya magurudumu ya nyuma, na chini ya buti linakoning'inia gurudumu la akiba. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinapokea bisibisi bila kelele. Sumaku ipitishwe kwenye madigadi na chini ya milango, na isiposhika, hapo pana filla, yaani lipu ya kuziba. Sakafu iliyooza kidogo inachomelewa, na mafundi wa bodi wazuri wapo. Lakini sehemu inakofungwa shokabu ikiwa imelegea, gari hilo limekwisha kama gari, kwa sababu hapo ndipo uzito wa mbele wote unapokaa, na kiraka kinachopinda kinabadilisha mwelekeo wa gurudumu barabarani.

Injini ya 504 ni ngumu kuua, ila ina adui mmoja: maji matupu. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na pistoni zinatembea ndani ya slivu, mirija ya silinda inayotoka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Hapa kwetu radieta nyingi zilijazwa maji ya mfereji au ya kisima, bila kulanti, dawa ya maji ya kupozea. Metali mbili tofauti ndani ya maji hayo zinalana, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Gari likiegeshwa na maji ndani, baada ya miaka hedi huwa na mashimo kandokando ya njia za maji, na raba za chini ya slivu hukauka. Matokeo ni maji kuingia kwenye oili.

Kuna jaribio ambalo mwuzaji hawezi kulipinga. Weka karai chini ya sampu (bakuli la oili la injini), legeza nati ya kumwagia oili taratibu bila kuitoa, subiri. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatoka ya kwanza. Ikitoka oili nyeusi moja kwa moja, vizuri. Yakitoka maji kidogo kisha oili, huenda ni mvua iliyoingia kupitia kabureta isiyo na kifuniko. Yakitoka maji mengi, hesabu seti nzima ya slivu, pistoni na gasketi kabla ya kutaja bei yako.

Injini iliyokwama isilazimishwe kwa stata wala kwa kuvutwa. Toa plagi zote nne, mimina ndani ya kila silinda vijiko viwili vya mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu, uache siku tatu ukiongeza kidogo kila siku. Kisha shika nati ya mbele ya krenki kwa spana ndefu, uende mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikiachia, zungusha mizunguko kadhaa plagi zikiwa nje, ubadilishe oili, lita 4, ndipo ufikirie betri. Isipoachia, hedi lazima ifunguliwe, na hapa mafundi wengi wasioizoea Peugeot huharibu. Hedi ikitoka, slivu hazina kinachozishikilia juu. Ukizungusha krenki, pistoni inanyanyua slivu, raba ya chini inakatika au uchafu unaingia chini yake, na hata ukifunga vizuri, maji yatavuja. Fungia slivu kwa wosha pana na bolti kwenye mashimo ya hedi kabla ya kugusa krenki. Slivu mpya nazo lazima zichomoze kidogo sana juu ya bloku, kipimo cha sehemu za mia za milimita, na zote nne zilingane. Ikiwa chini, gasketi haibani; ikiwa juu mno, hedi inapinda.

Ukishafunga, nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni mm 0.10 kwa za kuingizia na mm 0.25 kwa za kutolea moshi. Bolti za hedi hukazwa tena baada ya kilomita 1,000 hivi. Na Peugeot huhesabu silinda kutoka upande wa flaiwili, siyo upande wa feni. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani akianza kuhesabu mbele huku akifuata kitabu cha Peugeot, moto unafika mzunguko mzima nje ya wakati wake: injini inapiga mlipuko kwenye kabureta na haiwaki, na watu huanza kubadilisha kabureta isiyo na kosa lolote.

Feni nayo ina akili yake. Inashikwa kwa sumaku ya umeme, maji yakipata joto ndipo inaanza kuzunguka. Burashi yake ndogo ya kaboni ikiisha, wengi huifunga feni kwa bolti izunguke muda wote. Gari litatembea, lakini asubuhi ya Julai huko Limuru halitapata joto lake, na petroli italiwa bure. Kurejesha mfumo ni kubadilisha burashi na kurekebisha nafasi ya sumaku kwa bolti zake tatu. Kazi ya asubuhi moja.

Gia boksi ya gia nne inatumia oili ya injini, si oili nzito ya 90. Kila 504 inayokwaruza ikiingizwa gia ya pili ianzie kwa swali hilo: ilitiwa nini? Ile ya 90 ni ya difu. Kutoka gia boksi hadi difu, propela imefungiwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa pande zote mbili. Ni kwa sababu ya bomba hilo kwamba kuingiza injini na gia boksi ya gari lingine huishia kwenye msumeno na welda. Ukilala chini ukaona bomba limekatwa na propela ya wazi imewekwa, gari hilo limeshapoteza njia ya kurudi kuwa 504.

Jambo jingine la Nairobi ni mwinuko. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa Mombasa huku inameza petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linakosa nguvu mlimani. Jeti ndogo zaidi kwa saizi moja au mbili hutosha. Tangi lifunguliwe na kuoshwa kabla ya yote, kwa maana petroli iliyolala miaka hugeuka gundi. Petroli isiyo na risasi haisumbui injini hii, kwa kuwa hedi ya aluminiamu ina viti vya valvu vya chuma kigumu. Breki, badilisha raba na hosi zote bila kuchagua.

Kuhusu vipuri, Kirinyaga Road, ambayo wakongwe bado wanaiita Grogan, inastahili sifa kubwa. Ni barabara pekee jijini ambapo unaweza kuuliza "slivu na pistoni za 504, themanini na nane" na mtu nyuma ya kaunta akajibu kwa swali la maana: za petroli yenye kabureta gani, na unataka raba pamoja? Gasketi, pampu ya maji, klachi, vitu vya breki na vya usukani hupatikana. Ubora hutofautiana sana baina ya duka na duka, kwa hiyo nenda na kipuri cha zamani mkononi na kalipa ya kupimia mfukoni. Zile za 84 ndizo zenye mtego: 404 na 504 ya sisi 1796 zote ni 84, lakini krenki ya 404 ina mwendo wa mm 73. Kipenyo kikilingana, pima urefu pia. Gasketi ya hedi iliyokunjwa ili itoshee kwenye rafu usiichukue, hata ukipunguziwa bei.

Kisichopatikana dukani ni vipande vya nje: glasi za taa, grili, vishikio vya milango, raba za vioo, mlango wa nyuma wa wagoni. Sheria hairuhusu kuleta nchini gari la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo huwezi kuagiza 504 nzima ya kuvunja. Chanzo ni hizi hizi zilizoachwa. Ili kujua kipande kipi ni cha mwaka upi, nenda Concours d'Elegance katika Ngong Racecourse, mashindano yanayofanyika tangu 1970. Magari yaliyotunzwa hupangwa wazi, na wenye magari hupenda kuulizwa.

Karatasi zinaua miradi mingi kuliko kutu. Namba ya herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho, ni ya kabla ya mfumo wa KAA ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari kama hilo lilisajiliwa kabla NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, haijaundwa kwa sheria ya 2012, na kumbukumbu zake huenda hazijaingizwa kwenye mtandao. Fanya utafutaji wa namba kwenye mfumo wa NTSA kabla ya kulipa hata arubuni. Jina likitokea, uliza kama mwenyewe yuko hai. Kama ni marehemu, mtoto wake hawezi kukuuzia kwa mdomo. Panahitajika hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Likiwa limeachwa gereji, mwenye gereji anapaswa kufuata Sheria ya Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38, na akupe ushahidi wa notisi alizotoa. Injini ikiwa si ya kwanza, namba mpya lazima iwe kwenye logbuku.

Mwenye mfuko mdogo na hamu kubwa atafute Datsun 1200 badala yake: injini ya sisi 1171, nyepesi, vipuri rahisi. 404 ni nzuri zaidi kwa macho, na mapezi yake ya nyuma hayana mfano, ila difu yake ya gia ya mnyoo (inayozunguka kama skrubu) yenye gurudumu la shaba inataka fundi anayeijua, nao wamebaki wachache. Lakini kwa barabara zetu, hakuna kati ya hizo inayofikia jinsi 504 ya wagoni inavyomeza mashimo ikiwa imejaa.

Na ile isiyofaa kufufuliwa isiachiwe lori la chuma chakavu ikiwa nzima. Hedi na sehemu nyingine za aluminiamu huishia kuyeyushwa kuwa sufuria, na glasi huvunjwa tu. Toa kwanza taa zote nne na fremu zake, grili, vishikio, mashine za kupandisha vioo, kioo cha mbele pamoja na raba yake, difu, gia boksi pamoja na bomba la propela, na feni yenye sumaku. Raba ya kioo ikatwe kwa wembe upande wa ndani kama imekauka, maana kioo ndicho cha thamani. Bodi inayobaki iuzwe kwa mfanyabiashara mwenye leseni chini ya Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015, upewe risiti yenye namba ya shasi, kisha upeleke taarifa NTSA ili namba hiyo isije ikaonekana kwenye gari lingine. Vioo vihifadhiwe vikiwa vimesimama wima juu ya mbao, kwa sababu vikilazwa kimoja juu ya kingine vinapasuka kwa uzito wao.